Kimbia kwa kipimo cha jitihada, usitawaliwe na saa

Kila mbio za Novemba za Kampala zinapokaribia, kliniki za michezo hupokea malalamiko yaleyale: magoti, miundi, uchovu usioisha hata baada ya kulala vizuri. Mkimbiaji akiulizwa anafanyaje mazoezi, hutaja kasi aliyoisoma kwenye saa. Ni wachache wanaoweza kueleza zoezi lilikuwa zito kiasi gani.

Tunawaomba wananchi watumie kipimo cha jitihada. Mwanasaikolojia Gunnar Borg wa Sweden alianza na kipimo cha namba 6 hadi 20, baadaye akatengeneza cha 0 hadi 10, ambacho ni chepesi kutumia barabarani. Sifuri ni mapumziko, 3 ni wastani, 5 ni nzito, 7 ni nzito sana, 10 ni mwisho wa uwezo wako. Namba hiyo hukadiriwa kwa pumzi, misuli na joto la mwili kwa pamoja. Goti moja likiuma, hilo ni jeraha na halihesabiwi humo.

Baada ya dakika 10 za kupasha mwili, tamka ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa huku ukikimbia. Ukitamka mstari mzima kwa pumzi moja, upo kwenye 3 au chini. Ukilazimika kuvuta pumzi katikati ya mstari, umefika 5. Yakitoka maneno matatu au manne tu, ni 7 na kuendelea. Rudia kila baada ya dakika 10.

Mbio nyingi za wiki ziwe kati ya 2 na 4. Wengi hukimbia kwenye 5 au 6 kila siku: nzito mno kwa mwili kupona, nyepesi mno kujenga kasi. Imani kwamba zoezi lisiloumiza halina faida si kweli, na tumeshalisema hili mara nyingi mno. Zoezi la 7 au 8 lina nafasi yake: mara moja au mbili kwa wiki, vipindi vya dakika 3 hadi 5, ukikimbia polepole dakika 2 au 3 katikati.

Milima ya Kampala ndiyo inayoumbua saa. Anayeng'ang'ania dakika 6 kwa kilomita akipanda Naguru au Muyenga hutoka 4 hadi 8 kabla hajafika juu. Fupisha hatua, punguza kasi, linda namba. Wakati wa kuteremka kuwa mwangalifu zaidi, kwani pumzi hutulia ilhali mapaja yanabeba kishindo kikubwa. Hapo namba ndogo hudanganya. Jua la mchana nalo hupandisha jitihada kwa kasi ileile, na anayetoka Kampala kwenda Kapchorwa, mji wa milimani ambako hewa ni nyepesi zaidi, ategemee kasi yake kupungua majuma ya mwanzo.

Hesabu ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika ni makadirio ya watu wengi kwa pamoja; mtu mmoja anaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi. Wanaotumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo ndio wasiitegemee kabisa. Wasiache dawa, wafuate jitihada, baada ya kuzungumza na daktari.

Dakika 30 baada ya kumaliza, andika namba ya zoezi zima na uizidishe kwa dakika ulizokimbia. Dakika 45 kwenye 4 ni 180. Dakika 60 kwenye 6 ni 360. Jumla ya wiki isiruke ghafla. Na kasi iliyokuwa 3 ikihisiwa kama 6 siku mbili mfululizo, pumzika. Ukiwa na homa, kapime malaria.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuchanganyikiwa havipewi namba: simama. Siku ya mashindano, kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinamtaka mkimbiaji aondoke mbioni mara moja akiagizwa na mhudumu rasmi wa afya. Hakuna kubishana hadi kituo kinachofuata, hata zikiwa zimebaki mita 200. Nyuma ya karatasi ya namba ya mashindano unayovaa kifuani andika jina lako, simu ya ndugu, dawa unazotumia na zinazokudhuru. Usimwazime mtu namba hiyo. Akianguka, mhudumu atasoma maelezo yako na kumtibu kwa taarifa zisizo zake.