Stendi nzito ya kamera si lazima iwe imara

Ujumbe huu hauishi kurudi kwenye magrupu: stendi ya kamera ikiwa nzito, haitikisiki. Si kweli. Kamera kubwa ya filamu ya inchi 4 kwa 5 ina mvukuto, yaani mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu, unaokamata upepo kama tanga la ngalawa. Ufukweni Bagamoyo, kaskazi ikivuma, stendi nzito yenye maungio legevu hutetemeka tu. Kinachosaidia ni miguu isiyopindapinda, maungio yaliyokaza na nguzo ya kati isiyopandishwa. Jaribu mwenyewe: gonga mguu kwa kidole, tazama taswira kwenye kioo cha nyuma ya kamera, hesabu inachukua sekunde ngapi kutulia. Watu huchanganyikiwa kwa sababu stendi imara nyingi ni nzito kweli, na uzito husaidia kiasi. Ukiletewa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.