Kwa nini kuku huwashiwa taa alfajiri ili atage?

Mfugaji wa kuku wa mayai hapa Malindi akiwasha balbu bandani saa kumi alfajiri, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kuku huamka, akala sana, na akila sana hutaga sana. Wengine husema balbu inampa joto. Wapo pia wanaoamini kuwa kuku asiyejua usiku atataga mayai mawili kwa siku.

Hilo la mwisho ndilo lenye hasara kubwa. Yai moja huchukua takribani saa 24 hadi 26 kukamilika, na gamba peke yake hula kama saa 20. Hakuna taa inayolikimbiza. Ukiwasha usiku kucha unamaliza tokeni za umeme na kumnyima kuku mapumziko. Joto nalo si hoja: kuku wa pwani tayari analo la kumzidi, na likizidi hupunguza kula, akataga mayai ya gamba jembamba. Balbu za LED, zisizo na joto la maana, zinafanya kazi ileile. Na chakula? Kuku anayetaga hula zaidi kwa kuwa yai linadai chakula. Lakini mwangaza umeshatangulia kumwamsha mwili.

Mwangaza huo hauhitaji hata macho. Katika miaka ya 1930 Mfaransa Jacques Benoit alionyesha kwamba mabata waliopofushwa bado waliitikia mwangaza: korodani zao zilikua kama za wenzao wanaoona. Ndege ana seli zinazohisi mwanga ndani kabisa ya ubongo. Shika tochi gizani, ubane kiganja juu yake: vidole vinang'aa wekundu, kwa sababu rangi nyingine humezwa na nyama na damu, nyekundu ikapenya. Kichwa cha kuku ni hivyohivyo, tena fuvu lake ni jembamba. Mwanga unapita manyoya, ngozi na mfupa hadi haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, na mwekundu ndio unaofika vizuri zaidi. Ni protini zipi hasa zinazoupokea huko, wanasayansi bado wanabishana.

Ubongo ukiridhika kwamba mchana ni mrefu, huiamuru tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, kumwaga homoni zinazokomaza viini kwenye ovari. Kwa jogoo, homoni hizohizo huongeza mbegu. Lakini ubongo haujumlishi saa za mwanga tu. Unachungulia kipindi maalumu, kinachoanza zikipita kama saa 11 tangu mapambazuko: ukikuta mwanga hapo, huhesabu mchana mrefu. Ukiwasha saa kumi alfajiri, mapambazuko ya kuku yamewahi kuja, na jua la jioni linaangukia ndani ya kipindi hicho. Mchana wake unafika saa 14 na zaidi, naye anapata kula kabla jua halijachoma. Jioni ikiingia taratibu, anawahi kupanda kichanjani. Taa ikizimwa ghafla usiku humwacha sakafuni.

Uingereza jambo hili lina uzito mkubwa, kwani mchana wa mwishoni mwa Desemba haufiki saa 8 huko London na wa Juni hupita 16. Malindi iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Tofauti ya mchana kwa mwaka mzima haifiki dakika 25. Kwa hiyo mayai yakipungua wakati wa kusi, angalia kwanza chakula, magonjwa, umri na kunyonyoka manyoya. Kuku wa kisasa hutaga hata kwa saa 12 za jua; taa huongeza tu. Kwa kienyeji anayeatamia kila baada ya mayai machache, faida ni ndogo zaidi.

Tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, asiwashiwe kabla ya umri wa wiki 16 hivi: akianza kutaga mwili haujakomaa, mayai huwa madogo na njia ya yai inaweza kutokeza nje. Akishaanza, saa za mwanga zisipunguzwe. Umeme ukikatika siku kadhaa, kuku anaweza kuacha kutaga na kunyonyoka, kwa hiyo taa ya sola yenye kipima muda ni salama zaidi. Mwangaza wa kutosha kusoma gazeti kwenye kihori cha chakula unatosha.