Bomba nene la intakula haliongezi nguvu lenyewe

"Weka bomba la inchi 3, gari litaruka." Hapana. Hewa inayosukumwa na tabo (pampu ya hewa ya injini) hupita kwenye intakula, kipoza hewa, na lazima ijaze bomba lote kwanza ndipo presha ipande kwenye injini. Bomba la mita 2 lenye kipenyo cha inchi 2 hubeba kama lita 4. La inchi 3 hubeba 9. Kuchelewa huko ni kwa sehemu ya sekunde tu, lakini nguvu uliyoahidiwa huioni. Kinachoumiza zaidi ni kona kali na viungo vingi. Subaru Impreza WRX ina intakula juu ya injini, njia fupi kabisa. Ukiihamishia nyuma ya bampa la mbele, kila mpira unaoongeza ni mahali pa kuvuja. Ukikanyaga mafuta ukasikia "fsss" na moshi mweusi ukatoka, kaza klempu (vibano vya mipira hiyo) kabla ya kuilaumu tabo.