Mbu mkubwa wa kwenye miembe: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

Kigoma tumeishi na mbu muda mrefu hadi kila mtu ana la kusema juu yao. Ndiyo maana mbu mmoja asiyefanana na wenzake amezushiwa mengi, na karibu yote si kweli. Ni mkubwa kuliko mbu yeyote unayemjua, hutembea mchana, na mwanga ukimpiga magamba yake hung'aa bluu na kijani. Wanasayansi wanamwita Toxorhynchites. Duniani zipo spishi zake takriban 90, nyingi katika nchi za joto, na anayefahamika zaidi katika Afrika ya tropiki ni Toxorhynchites brevipalpis. Mahali pa kumtafuta ni kwenye kivuli, karibu na miti mikubwa yenye matundu yanayotuama maji. Ujiji, penye miembe iliyozeeka, matundu ya namna hiyo hayahitaji kutafutwa sana.

"Ukubwa wote huo, lazima anyonye damu nyingi."

Hili ndilo la kwanza kusemwa. Bibi mmoja wa Ujiji alipomwona ametua ukutani barazani kwake alinivuta mkono. "Mjukuu wangu, toka hapo. Huyo akikudunga unalazwa." Nikamwambia, "Hawezi kudunga, bibi. Hebu tumtazame mdomo." Tukasogea. Mrija wa mbu wa kawaida umenyooka kwenda mbele, tayari kuchoma. Wa huyu umepinda kwenda chini katikati, kama mpini wa mwavuli, na sehemu ya mbele ni nyembamba mno. Haupenyi ngozi ya mtu wala ya mnyama. Anachonyonya ni maji matamu ya maua, utomvu wa miti na majimaji ya matunda yaliyoiva. Dume na jike ni hivyo hivyo, tangu wapate mabawa hadi kufa.

Hapo huja swali la haki: tumefundishwa kwamba jike la mbu hutafuta damu ili mayai yake yakomae, sasa huyu anatagaje? Kweli, majike wa spishi nyingi hufuata protini kwenye damu. Mbu huyu protini hiyo anaingia nayo utu uzima ikiwa tayari mwilini, kwa sababu aliila alipokuwa kiluwiluwi. Na aliila kwa kuwala viluwiluwi wa mbu wengine. Akishapata mabawa, sukari ya maua inamtosha kurukia, na akiba ya utotoni inatengeneza mayai. Kwangu mimi hili ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika maisha ya wadudu: deni la damu limelipwa kabla hajaruka.

"Anawakamata mbu wenzake hewani."

Hapana. Mkubwa mwenye mabawa hamkamati mtu wala mdudu. Mwindaji ni kiluwiluwi, na uwindaji wote unafanyika ndani ya maji.

Anayetaka kuamini achote maji ya tundu la mwembe kwa kikombe, ayamimine kwenye chupa nyeupe na kuisogeza penye mwanga. Viluwiluwi wa kawaida utawaona wakipanda na kushuka kwa kujinyonganyonga. Kama mwindaji yumo, yeye hachezi. Ananing'inia, mnene, rangi ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu au weusi, na akikomaa anaweza kukaribia sentimita 2. Kiluwiluwi mwingine akipita jirani, maji yanatikisika, na mtikisiko huo ndio unaomwongoza mwindaji zaidi ya macho. Kichwa kinageuka mara moja, na windo limeshabanwa kwa manyoya magumu ya mdomoni na taya. Viluwiluwi wengi hutumia manyoya ya mdomo kuchuja vijidudu na vumbi la chakula majini. Kwa huyu yamekuwa magumu, yamefanywa ndoano. Kisha anatafuna taratibu, akianzia popote alipomnasa. Mpaka afikie hatua ya pupa, yaani hatua iliyo kati ya kiluwiluwi na mbu mwenye mabawa, anaweza kumaliza mamia.

Kuna tabia yake moja iliyowashangaza watafiti. Siku chache kabla ya kugeuka pupa, kiluwiluwi huyu huanza kuua bila kula. Anabana, anaua, anaachia, anageukia mwingine, mpaka maiti zinajaa sakafuni mwa tundu. Tabia hii ya T. brevipalpis ilielezwa kitaalamu miaka ya 1960 kutokana na uchunguzi wa Afrika Mashariki. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba pupa hana uwezo wa kujitetea, kwa hiyo anasafisha nyumba kwanza ili asibaki na jirani wa kumdhuru, hasa ndugu zake mwenyewe. Maana hawa wanalana. Ukiweka wadogo kumi kwenye kopo lenye chakula haba, usitegemee kuwakuta kumi wiki ijayo.

Utagaji nao haufanani na wa mbu wengine. Jike hatui juu ya maji. Anaelea hewani mbele ya tundu, anazungukazunguka kwa mizunguko midogo ya kupanda na kushuka, halafu kwa mzunguko mmoja anarusha yai moja ndani. Yai ni jeupe, halilowi, linaelea. Anarudia. Anayemwona akifanya hivyo mchana kwenye mwembe hudhani anahangaika kutafuta njia ya kuingia.

"Ni yule mwenye miguu mirefu anayegongagonga taa."

Siye. Mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu inayokatika ukimgusa, anayeingia nyumbani usiku wakati wa mvua, si mbu kabisa, ni jamaa wa mbali katika ukoo wa nzi. Haumi, na wala hali mbu, ingawa sifa hiyo amepewa nchi nyingi.

"Kila mbu ambaye kiluwiluwi wake anakula wenzake ni rafiki."

Nusu ya kauli hii ni kweli. Afrika yupo mbu mwingine, Lutzia tigripes, ambaye viluwiluwi wake ni wawindaji hodari. Yeye hupatikana pia kwenye madimbwi, mitaro na mashamba ya mpunga, mahali ambapo Toxorhynchites haonekani. Lakini jike wake akikomaa bado hunyonya damu, zaidi ya ndege. Kuwinda utotoni hakukumwondolea haja hiyo. Kwa hiyo ukikuta kiluwiluwi mwindaji kwenye jaruba usimpe hati safi kwa haraka.

"Basi tuwafuge, malaria iishe."

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu Kigoma malaria imetuumiza sana, na wazo hili linavutia kuliko yote. Tatizo ni makazi. Malaria huenezwa na majike ya Anopheles. Anopheles gambiae hupenda vidimbwi vidogo vya muda vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi kwenye barabara ya udongo, mashimo ya kufyatulia tofali, kingo za majaruba kama yale ya bonde la Luiche. Mwenzake Anopheles funestus hutaka maji yanayodumu, yenye majani. Mbu mwindaji hutaka maji ya kivulini yaliyo ndani ya chombo: tundu la mti, kisiki cha mwanzi, kwapa la jani, tairi au kopo lililotupwa chini ya mti. Mwindaji na mbu wa malaria hawakutani, na usipokutana na mtu huwezi kumla.

Kinachofuata ni mwendo. Mbu wa malaria kwenye joto letu anaweza kutoka yai hadi kuruka ndani ya wiki moja au mbili. Mwindaji huchukua kama wiki 3, na zaidi chakula kikipungua. Kidimbwi cha nyayo za ng'ombe kitakuwa kimekauka, au mbu wake wamesharuka, kabla yeye hajakua.

Anayemkuta hasa ni Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza dengi, chikungunya na homa ya manjano. Huyu hutaga kwenye vyombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Milan Trpis aliwafuatilia wawili hawa Dar es Salaam, kwenye matairi na makopo, akaona mwindaji anavyopunguza idadi ya Aedes. Hawaii ilishampeleka brevipalpis kutoka Afrika tangu miaka ya 1950, akapata makazi huko. Hata hivyo mbu wa dengi hawakuisha. Mwindaji huzaa polepole, hutawanya mayai yake mojamoja, na hukwepa uwanja wenye jua ambako makopo mengi ya watu yapo. Kumfuga kwa wingi nako ni gharama: kila mmoja anahitaji chombo chake na mamia ya viluwiluwi wa kulishwa, la sivyo watakulana.

Kwenye madimbwi ya Anopheles wapo wawindaji wengine wanaofaa zaidi: watoto wa kerengende, mende wa majini, samaki wadogo. Na kwa mtu aliyelala Mwandiga au Kasulu usiku wa leo, chandarua chenye dawa kinafanya kazi ambayo hakuna kiluwiluwi atakayeifanya.

"Kama ni hivyo, tuache makopo yenye maji ili azaliane."

Msifanye hivyo. Kopo la uani litajaa Aedes muda mrefu kabla mwindaji hajaliona, na huenda asilione kamwe. Mwaga maji, geuza ndoo, toboa tairi au lihamishie ndani. Tundu la mwembe ulio dirishani lijaze mchanga. La mwembe wa shambani, mbali na watu, liache. Usimimine mafuta ya taa wala dawa, kwa sababu humo ndimo anamozaliwa. Na kama wakati wa kumwaga kopo umekuta kiluwiluwi mnene wa kahawia aliyetulia huku wenzake wakikimbiakimbia, mchote kwa kijiko ukamtie kwenye tundu hilo la shambani, mmoja kwa tundu moja.