Je, wajua kwa nini fedha za lishe ya mtoto hupikwa kama kitobero, chakula cha mtoto cha mchanganyiko?

Ukiingia soko la Mpanga mjini Fort Portal asubuhi, huwezi kuamini kwamba uko katika eneo la watoto waliodumaa. Mikungu ya matoke imepangwa mpaka njiani, maharage yamejaa magunia, maziwa yanashushwa kutoka kwenye bodaboda. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta kwamba hapa Tooro, katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, 41 walikuwa wamedumaa. Karamoja, ambako ndiko tumezoea kusikia habari za njaa, walikuwa 35. Teso, 14. Uganda nzima, 29.

Yaani kapu la chakula la nchi lilikuwa na watoto wafupi kuliko nchi kame ya wafugaji. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini fedha za kupambana na udumavu zina kamati nyingi kuliko harusi ya mjini.

Udumavu hauji kwa njaa ya siku moja. Mtoto amekula na kushiba, tumbo limejaa matoke, ila mwili haukupata cha kujengea mifupa na ubongo. Maziwa yaliuzwa ili ada ya kaka yake ipatikane, na mayai yakafuata njia hiyohiyo. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachiwa dada wa miaka saba. Maji ya kisima yamemharisha mara tatu mwezi huu. Ukimletea mtoto huyu gunia la unga, umegusa tatizo moja kati ya manne.

Hospitali ya Mulago, Kampala, walilijua hili zamani. Waganda walikuwa tayari na jina la maradhi ya mtoto anayefifia baada ya mama kushika mimba nyingine: obwosi. Madaktari wakayaita kwashiakoo, na katika miaka ya 1950 Mulago ilikuwa moja ya mahali duniani palipochunguza maradhi hayo kwa undani. Mwaka 1965 pakaanzishwa kituo cha lishe cha Mwanamugimu, jina ambalo kwa Kiganda maana yake ni mtoto mwenye afya. Dawa kubwa ya Mwanamugimu haikuwa ya chupa. Mama alifundishwa kupika kitobero: matoke au viazi, maharage au njugu, mukene (dagaa) au nyama kidogo, na mboga za majani, vyote vikaiva pamoja na kupondwa, mtoto akala. Kila kiungo kina kazi yake, na kimoja kikikosekana, kilichobaki ni matoke tu.

Fedha za lishe zinazotoka nje nazo hupikwa hivyo, sufuria moja na viungo vya watu mbalimbali. Ugomvi wote ni juu ya nani ameshika mwiko.

Tuanze na sufuria mbili ambazo zimewahi kupakua Uganda.

Ya kwanza inaitwa GFF, mfuko wa kimataifa wa ufadhili kwa ajili ya wanawake, watoto na vijana. Ulizinduliwa Addis Ababa Julai 2015, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu fedha za maendeleo. Nchi nne za mwanzo zilikuwa Kongo ya Kinshasa, Ethiopia, Kenya na Tanzania. Uganda ikaingia katika kundi lililofuata, mwaka huohuo. Makao yake ni ndani ya Benki ya Dunia, Washington. Hilo si suala la anwani tu. GFF haina nguvu zake yenyewe kisheria. Wafanyakazi wake ni wa Benki, na fedha zake hupita katika miradi ya Benki.

Uongozi wake una meza mbili. Meza ya kwanza, kubwa, ni kundi la wawekezaji. Hapo hukaa wafadhili, nchi zinazopokea, mashirika ya Umoja wa Mataifa, sekta binafsi, asasi za kiraia, hata wawakilishi wa vijana. Hujadili mwelekeo, hupokea taarifa, hupiga picha. Meza ya pili ni ndogo: kamati ya mfuko wa amana. Humo wamo waliotia fedha mfukoni, na wao ndio huamua kiasi gani kiende wapi. Nchi yenye watoto waliodumaa inaongea kwenye meza ya kwanza. Kwenye ya pili haina kiti.

Sisemi hili kwa kulalamika. Anayetoa ng'ombe wa sherehe ana haki ya kuuliza amechinjwa lini. Ila msomaji anayesikia redioni kwamba nchi na washirika wameamua kwa pamoja ajue kuna meza mbili, na ajiulize tangazo limetoka kwenye ipi.

Mkurugenzi wa GFF naye ana hadithi yake. Aliyeongoza katika miaka ya mwanzo alikuwa Mariam Claeson kutoka Sweden. Akafuatiwa na Muhammad Ali Pate wa Nigeria, kisha Juan Pablo Uribe wa Kolombia. Hawa wawili wa mwisho walivaa kofia mbili kwa wakati mmoja: mkurugenzi wa GFF, na pia mkurugenzi wa dunia wa afya, lishe na idadi ya watu katika Benki yenyewe. Mkono mmoja umeshika ruzuku, mwingine uko karibu na mkopo. Wote wawili pia waliwahi kukaa wizarani kwao kabla ya kwenda Washington, Pate kama waziri wa nchi na Uribe kama waziri wa afya, kwa hiyo walijua upande wa pili wa meza unavyouma. Pate aliporudi nyumbani mwaka 2023 alipewa wizara ya afya ya Nigeria, baada ya kuukataa ukurugenzi mkuu wa Gavi, shirika la chanjo, ambao alikuwa ameteuliwa kuushika.

Kwa nini kofia mbili? Kwa sababu mfumo wa GFF ni ruzuku ndogo inayovuta mkopo mkubwa. Chukua mradi wa Uganda wa afya ya uzazi, mama na mtoto uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2016. Ruzuku ya GFF ilikuwa dola milioni 30. Mkopo wa masharti nafuu kutoka tawi la Benki linalohudumia nchi maskini ulikuwa dola milioni 110. Baadaye Sweden ikaongeza ruzuku ya milioni 25. Jumla, dola milioni 165, na theluthi mbili zake ni deni. Riba ni ndogo na miaka ya kulipa ni mingi, lakini deni ni deni, na atakayekuwa mtu mzima linapoiva ni huyohuyo mtoto tunayempikia.

Ndiyo maana mlinzi mmoja wa mwiko hayuko Washington kabisa. Yuko Kampala, kwenye kilima cha Bunge. Ibara ya 159 ya Katiba ya Uganda inasema serikali haikopi bila idhini ya Bunge. Ruzuku ya GFF inaweza kuwa tayari, lakini kama imefungwa pamoja na mkopo, itasubiri wabunge. Watu wengi hudhani kuchelewa kwa miradi ya aina hii ni uzembe wa maofisa. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ni Katiba inafanya kazi yake.

Sufuria ya pili ni GAFSP, mpango wa dunia wa kilimo na usalama wa chakula. Ulizaliwa na mtikisiko wa bei za chakula wa 2007 na 2008: viongozi wa G20 walikubaliana Pittsburgh mwaka 2009, na Aprili 2010 ukazinduliwa kwa fedha za Marekani, Kanada, Hispania, Korea Kusini na taasisi ya Bill na Melinda Gates. Huu nao umehifadhiwa na Benki ya Dunia. Jengo ni lile moja, lakini meza imekatwa tofauti: katika kamati yake ya uongozi, wapigakura wa upande wa wafadhili na wapigakura wa upande wa nchi zinazopokea ni idadi sawa. Asasi za kiraia zimo pia, zina kiti na sauti, ila hazina kura.

Kwa GAFSP Uganda ilipata dola milioni 27.64, zote ruzuku, kwa mradi wa chakula na lishe ulioendeshwa na Wizara ya Kilimo pamoja na Afya na Elimu. Walipita shuleni. Katika wilaya 15, shule za msingi takriban 1,500 zililima bustani za mfano: viazi vitamu vya rangi ya chungwa kwa ajili ya vitamini A, maharage yenye madini mengi ya chuma, mboga. Mtoto anajifunza shuleni, mzazi anaona, mbegu inavuka ua. Kama kuna mradi uliofuata kanuni ya kitobero kikamilifu, ni huu. Siwezi kuapa kwamba usawa wa kura kule juu ndio uliozaa bustani huku chini. Lakini sishangai kwamba fedha zilizoamuliwa na meza yenye wawakilishi wa nchi za wakulima ziliishia kwenye udongo.

Kuna jina la tatu utalisikia, SUN, vuguvugu la kuongeza juhudi za lishe lililoanza 2010, ambalo Uganda ilijiunga nalo 2011. Wengi hulidhani ni mfuko. Halina sufuria. Kazi yake ni kuzikutanisha serikali, asasi, wafadhili, biashara na Umoja wa Mataifa, kila kundi na mtandao wake, na kuuliza mbona hampiki pamoja. Mwaka 2023 Afshan Khan aliteuliwa kuwa mratibu wake. Jambo moja tu SUN hulisisitiza sana, nalo ndilo linatushusha nyumbani: kila nchi iwe na mtu mmoja wa kuulizwa, na akae juu ya wizara.

Uganda mtu huyo yuko Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa nini si Wizara ya Afya, wakati mtoto aliyekonda hupelekwa zahanati? Kwa sababu waziri wa afya hawezi kumwamuru waziri wa maji achimbe kisima, wala wa kilimo agawe mbegu za maharage. Mpango wa kwanza wa taifa wa lishe, wa 2011 hadi 2016, ukaiweka sekretarieti pale ambapo wizara zote zinaitika. Na udumavu ulikuwa tayari unashuka: asilimia 38 mwaka 2006, 33 mwaka 2011, 29 mwaka 2016.

Ofisi ya Waziri Mkuu hata hivyo haimpimi mtoto mkono. Anayempima ni mhudumu wa afya wa kijiji, kwa utepe wa rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto anapelekwa kituoni bila mjadala. Kati ya mhudumu huyo na Kampala kuna chombo ambacho sijawahi kusikia kikitajwa kwenye taarifa ya habari: kamati ya uratibu wa lishe ya wilaya. Humo wamo afya, kilimo, elimu, maji, maendeleo ya jamii na mpangaji wa wilaya. Mwenyekiti wake ni ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, yule tunayemwita CAO, na sababu ni ya kifedha: yeye ndiye mwajibikaji wa hesabu zote za wilaya. Daktari anaweza kuomba, mkulima akashauri, lakini anayetia sahihi ni CAO.

Sasa tazama mahali palipo pembamba. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, CAO huteuliwa na serikali kuu, na huhamishwa. Leo yuko Kyenjojo, mwakani yuko Yumbe. Dola zikishapigiwa kura Washington, zikajadiliwa Bungeni, zikaratibiwa na Waziri Mkuu, zinafika kwenye meza ya mtu ambaye huenda alishusha masanduku yake wiki iliyopita, na mafaili ya lishe ni mojawapo ya mafaili arobaini aliyoachiwa. Kamati itakutana mwezi huu au haitakutana, kutegemea amelifungua lipi kwanza.