Je, wajua? Mtoto anaweza kupaka rangi ukuta wa ghorofa tano bila kupanda ngazi

Philadelphia, Marekani, ina maelfu ya michoro ya ukutani, mingine ikifunika ubavu mzima wa jengo. Waliotia mkono katika mingi ya michoro hiyo ni watoto wa shule, wastaafu na majirani wasiowahi kusomea sanaa. Walifikaje kule juu?

Hawakufika. Ukuta ndio uliowafuata mezani.

Msanii huchora kwanza picha ndogo, kisha huikuza na kuigawa katika vipande vya mraba. Kila kipande huhamishiwa kwenye kitambaa chepesi cha poliesta ambacho wenyewe hukiita kitambaa cha parashuti. Mistari huchorwa, na ndani ya kila eneo huandikwa namba ya rangi yake. Siku ya kupaka ikifika, kitambaa hutandazwa juu ya meza katika ukumbi wa mtaa, shule au kanisa, na yeyote anayeweza kushika brashi hupewa kopo lenye namba yake. Msanii hupita baadaye akirekebisha kingo, vivuli na nyuso.

Kitambaa kikikauka hupelekwa kwenye jengo. Mafundi huwa wameshasafisha ukuta, wakaziba nyufa na kupaka rangi ya msingi. Hupaka gundi nzito ya akriliki, hubandika kipande baada ya kipande kama karatasi ya ukutani, husukuma hewa yote itoke, kisha hupaka gundi tena kwa juu. Maungio hufichwa kwa brashi, na mwisho hupakwa vanishi ya kupunguza makali ya jua. Kazi ikifanywa vizuri, hata ukisogea karibu ni vigumu kuona kitambaa kinapoishia.

Kuna sababu nyingine ambayo asiyeishi kwenye baridi asingeifikiria: rangi ya akriliki haishiki vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi. Katika jiji lenye theluji, ukutani hapafanyiki kazi kwa miezi kadhaa ya mwaka. Kitambaa huwezesha kazi kuendelea ndani, na ubandikaji kusubiri joto lirudi.

Mpango wa jiji unaotengeneza michoro hii ulianza 1984, wakati wa Meya Wilson Goode, kama juhudi za kupambana na maandishi ya kuchafua kuta. Msanii Jane Golden alipewa kazi ya kukaa na vijana walewale waliokuwa wakiyaandika na kuwaelekeza kwenye uchoraji. Leo unaitwa Mural Arts Philadelphia, na fedha zake hutoka kwa jiji, wakfu mbalimbali na michango ya watu.

Kwangu mimi, mchango mkubwa kuliko fedha ni ule wa mikono. Wapo wanaosema kupaka kwa kufuata namba hakumfanyi mtu msanii. Ni kweli, mpangilio ni wa msanii. Lakini fikiria kilichotokea mwaka 2004. Wafungwa wa gereza la Graterford, nje ya jiji, walishirikiana na waathirika wa uhalifu katika michoro miwili iitwayo Healing Walls: mmoja ukieleza safari ya mfungwa, mwingine safari ya aliyedhulumiwa. Mfungwa hawezi kutoka kwenda kusimama kwenye jukwaa la mafundi barabarani. Kitambaa kiliweza kuingia gerezani na kutoka, kikaishia kwenye kuta za mtaa wa kaskazini mwa Philadelphia. Bila njia hii, sauti ya upande mmoja isingefika ukutani kabisa.

Kitambaa hakitibu ukuta mbovu. Unyevu ukipenya kutoka ndani ya matofali, gundi huachia. Jua nalo hula rangi, na baadhi ya nyekundu na njano hutangulia kupauka.

Adui mwingine ni ujenzi. Kuta nyingi za michoro zilipatikana kwa sababu nyumba zilizoshikana zilibomolewa, zikaacha ubavu wa jirani wazi mbele ya kiwanja kitupu. Mtaa ukipanda thamani, kiwanja hicho hujengwa na mchoro hufunikwa. Wakati mwingine jengo lenyewe huondoka: mchoro wa mwanamuziki John Coltrane, uliomalizika 2002, ulibomolewa pamoja na jengo lake 2014. Mwaka 2017 mchoro mpya wa Coltrane ulizinduliwa kwenye ukuta mwingine, si mbali na ule wa zamani.