Jeannette Rankin na ile kura ya pili

Ukisoma habari za Jeannette Rankin popote pale, utakutana na mambo mawili. La kwanza, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Congress, yaani bunge la Marekani, mwaka 1916. La pili, alipiga kura ya hapana katika vita vyote viwili vya dunia. Yote mawili ni kweli. Kinachorukwa ni swali ambalo mtu wa uchaguzi huuliza kabla ya yote: alipitaje? Wakati ule majimbo 11 tu ndiyo yaliyokuwa yamewapa wanawake kura kamili, na hata huko wapiga kura wengi walikuwa wanaume. Jibu limo katika karatasi ya kura ya Montana, na karatasi hiyohiyo inaeleza kwa nini alitoka upesi vile.

Montana ni jimbo kubwa lenye watu wachache. Eneo lake ni karibu theluthi mbili ya Kenya, ilhali sensa ya 1910 ilihesabu watu 376,053 tu. Sensa hiyo iliipa Montana kiti cha pili katika Baraza la Wawakilishi, lakini bunge la jimbo halikuchora mpaka wa kuligawa jimbo mara mbili. Hivyo katika uchaguzi wa 1912, 1914 na 1916 Montana nzima ilikuwa eneo bunge moja lenye viti viwili. Kila chama kilisimamisha wagombea wawili. Kila mpiga kura alikuwa na kura mbili, asizoweza kumpa mtu mmoja zote. Wawili wenye kura nyingi zaidi waliingia, hata kama walitoka vyama tofauti.

Msomaji wa Kongo amezoea maeneo bunge yenye wabunge kadhaa, ila huko mpiga kura ana kura moja. Kuwa na kura mbili kunabadilisha hesabu kabisa. Mkulima mwenye wasiwasi na mwanamke hakulazimika kumkataa mwanamume wake ili amchague Rankin. Kura ya kwanza alimpa mtu wake, kisha akabaki na ya pili mkononi, asijue ampe nani. Rankin alilijua hilo, na ujumbe wa kampeni yake ukajengwa juu yake: mpigie kura mgombea wa kwenu, na Jeannette Rankin. Sijaona kauli ya kampeni iliyoelewa karatasi ya kura vizuri kuliko hiyo.

Mfumo huu una mtego wake. Mwenzako wa chama kimoja ni mshirika na mshindani kwa wakati mmoja. Kila kura ya pili ambayo wafuasi wako wanampa inamsogeza karibu nawe, na ukizembea atakupita kwa kura za watu wako mwenyewe. Mwenzake Rankin katika chama cha Republican alikuwa George Farr. Katika mchujo wa Agosti 1916, uchaguzi wa ndani wa chama, Rankin alishindana na wanaume saba, akaongoza kwa kura zaidi ya 7,000 dhidi ya aliyemfuata. Novemba, mgombea urais wa Democratic, Woodrow Wilson, aliichukua Montana kwa zaidi ya nusu ya kura, na kiti cha kwanza cha Baraza kikaenda kwa John Evans, naye wa Democratic. Farr akaanguka. Rankin akashika nafasi ya pili, akimzidi wa tatu kwa kura zaidi ya 6,000, na alipata kura nyingi kuliko mgombea urais wa chama chake, Charles Evans Hughes. Kura hizo za ziada hazikutoka kwa Republican peke yao. Hesabu ilichukua siku kadhaa kwa sababu vituo vilitawanyika milimani na mabondeni, na magazeti yalikuwa yameshatangaza kwamba ameshindwa.

Bila shaka mfumo haukumpigia kampeni. Rankin, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1880 karibu na Missoula, alikuwa amefanya kazi ya kudai haki ya kura tangu kampeni ya jimbo la Washington mwaka 1910. Februari 1911 alihutubia bunge la Montana kuhusu kura ya wanawake, na mwaka 1914 Montana ikapitisha hoja hiyo kwa kura 41,302 dhidi ya 37,588. Alipogombea miaka miwili baadaye, alikuwa tayari na wanawake waliokwisha kufanya kazi hiyo katika miji na vijiji, wakijua nyumba ipi ifikiwe na nani. Siku ya uchaguzi watu walipigiwa simu kuulizwa kama wameshampigia Jeannette Rankin. Na tusidanganyane, palikuwa na fedha pia. Kaka yake Wellington, mwanasheria, aliendesha kampeni na kuigharimia.

Aliapishwa tarehe 2 Aprili 1917, na jioni hiyo Wilson akaliomba Congress litangaze vita dhidi ya Ujerumani. Siku nne tu baadaye alikuwa anapiga kura ambayo ingemganda maisha yote.

Hapa inafaa kujua kura ilivyopigwa, maana simulizi nyingi hukosea. Mashine za kupigia kura ndani ya Baraza hazikuwapo hadi 1973. Karani alisoma majina yote kwa sauti, kila mbunge akajibu ndiyo au hapana. Waliokaa kimya walisomwa mara ya pili. Ilikuwa baada ya saa tisa usiku, tarehe 6 Aprili. Jina la Rankin lilipoitwa mara ya kwanza hakujibu. Mzee Joseph Cannon, aliyewahi kuwa Spika, alimwendea na kumwambia asinyamaze, kwa kuwa anawawakilisha wanawake wa nchi nzima. Mzunguko wa pili alisimama akasema anataka kusimama na nchi yake lakini hawezi kuipigia kura vita. Hilo lilikuwa kinyume na desturi, kwani wakati wa kuitwa majina mbunge hatoi maelezo. Matokeo yalikuwa 373 dhidi ya 50. Wanaume 49 walipiga kura kama yake, akiwamo Claude Kitchin, kiongozi wa walio wengi. Anayeandika kwamba mwaka 1917 Rankin alisimama peke yake amechanganya vita viwili.

Kazi yake ya kila siku haielezwi sana, nami naiona nzito kuliko ile kura. Wanawake wa kiwanda cha serikali cha kuchapa noti na hati za mikopo jijini Washington walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi saa nyingi kupita kiasi, kwa sababu vita viliongeza hati za kuchapa. Rankin alifuatilia malalamiko yao, akakusanya ushahidi, akatishia kuufikisha Congress, na mwaka 1917 Waziri wa Fedha William McAdoo akarudisha siku ya saa nane. Mwaka 1918 aliwasilisha mswada wa fedha za serikali kuu kwa afya ya wajawazito na watoto wachanga. Haukupita akiwapo, ila wazo lake likawa sheria ya Sheppard na Towner ya mwaka 1921.

Kilichomwumiza zaidi nyumbani kilikuwa shaba. Tarehe 8 Juni 1917 moto ulizuka katika mgodi wa Speculator mjini Butte, ukaua watu 168. Wachimbaji wakagoma. Kampuni ya shaba ya Anaconda ndiyo iliyokuwa na nguvu kuu Butte, na ilikuwa na mkono katika sehemu kubwa ya magazeti ya jimbo. Wachimbaji walilalamikia kadi ya ruhusa ya kutafuta kazi, ambayo kampuni iliitumia kuwachuja wenye msimamo wa chama cha wafanyakazi. Rankin alisema hayo mbele ya Baraza, akapendekeza serikali kuu iiendeshe migodi, kisha Agosti akaenda Butte kuhutubia wachimbaji. Pendekezo lilikwama. Tangu hapo alikuwa na adui mwenye magazeti.

Tarehe 10 Januari 1918 alifungua mjadala wa marekebisho ya katiba ya kuwapa wanawake kura nchi nzima. Yalipita kwa 274 dhidi ya 136. Theluthi mbili ya kura 410 ni 273 na kidogo, maana yake kura moja ingepungua, yasingepita. Watu hudhani hapo ndipo marekebisho ya 19 yalipozaliwa. La. Seneti iliyakataa Oktoba mwaka huohuo, na ilibidi Congress mpya ianze upya mwaka 1919. Wakati huo Rankin hakuwa mbunge tena, na hakukuwa na mwanamke hata mmoja katika Baraza lililopitisha maneno yaliyoingia katika katiba.

Kwa nini hakuwapo? Mwaka 1917 bunge la Montana liliondoa ule mfumo wa jimbo zima, likachora mpaka na kupata maeneo bunge mawili, la magharibi na la mashariki. Rankin akajikuta magharibi, penye Butte na wapiga kura wengi wa Democratic, na penye Evans aliyeongoza mwaka 1916. Nguvu yake ilikuwa imetawanyika jimbo zima, kidogo hapa na kidogo pale. Mtu wa namna hiyo akikatiwa nusu ya jimbo, anapoteza nusu ya watu wake bila yeyote kubadili mawazo. Zaidi ya hapo, kila mpiga kura sasa alibaki na kura moja. Aliyekuwa akimpa Rankin ya pili alipaswa kumwacha mtu wake.

Aliona njia moja tu: Seneti, ambayo bado ilichaguliwa na jimbo zima. Lakini kiti kilikuwa kimoja, na kura moja. Katika mchujo wa Republican wa 1918 alishindwa na Oscar Lanstrum kwa tofauti ndogo, chini ya kura 2,000. Akagombea tena Novemba kupitia chama kidogo cha National, akawa wa tatu. Kwa maoni yangu kura ya vita ilimpunguzia watu, ila mpaka mpya ungemtoa hata bila vita. Wanaoandika kwamba Montana ilimwadhibu kwa ajili ya amani wanasimulia nusu ya habari.

Miaka ishirini iliyofuata naipita haraka. Alishiriki mkutano wa wanawake wa Zurich mwaka 1919, akanunua shamba Georgia, na kuanzia 1929 akawa mshawishi wa kulipwa jijini Washington kwa baraza la kitaifa la kuzuia vita. Kazi hiyo ilimfundisha Congress kwa nje, korido kwa korido.

Mwaka 1940, akiwa na miaka 60, alirudi kugombea katika lile eneo bunge la magharibi. Safari hii alilitembelea kupitia shule za sekondari, akiwahutubia wanafunzi kuhusu vita, na watoto wakazipeleka habari nyumbani. Katika mchujo alimshinda mbunge aliyekuwapo, Jacob Thorkelson, aliyejulikana kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Novemba akamshinda Jerry O'Connell wa Democratic kwa kura zaidi ya 9,000. Udhaifu wa wapinzani ulimsaidia, na mwaka ule kukataa vita vya Ulaya hakukuwa jambo la ajabu Montana.

Tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Japani kushambulia kituo cha jeshi la majini cha Marekani cha Pearl Harbor, mambo yalikuwa mengine. Hoja ilikuwa vita dhidi ya Japani. Alisimama mara kadhaa kuomba nafasi ya kusema, Spika Sam Rayburn akakataa kumtambua. Katika Baraza lile, mbunge asiyetambuliwa na Spika hana sauti, hata apaze vipi. Kilichobaki kilikuwa jibu lake wakati wa kuitwa majina. Kura zilikuwa 388 dhidi ya moja. Wenzake walimsihi abadilishe ili azimio lipite kwa kauli moja, akagoma. Umati ulimfuata hadi akajifungia kwenye kibanda cha simu, na polisi wa jengo wakamsindikiza ofisini. Wellington alimletea habari kwa telegramu kwamba Montana yote inampinga. Siku tatu baadaye, kura ya vita dhidi ya Ujerumani na Italia ilipoletwa, hakusema ndiyo wala hapana. Alijibu "nipo", jibu linalohesabiwa kuwa mahudhurio tu.

Hakugombea mwaka 1942. Kiti kilikwenda kwa Mike Mansfield, ambaye baadaye aliongoza walio wengi katika Seneti kwa miaka 16. Tarehe 15 Januari 1968 Rankin, akiwa na miaka 87, aliongoza maelfu ya wanawake jijini Washington kupinga vita vya Vietnam. Sheria ilizuia maandamano katika viwanja vya Congress, hivyo ujumbe mdogo tu uliruhusiwa kuingia na waraka wao, wakapokelewa na Spika John McCormack na Mansfield huyohuyo.

Katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Carmel, California, tarehe 18 Mei 1973, alitetea jambo ambalo wasifu nyingi hulitaja kwa sentensi moja: maeneo bunge makubwa yanayochagua wabunge kadhaa, na rais achaguliwe moja kwa moja kwa karatasi ya kuwapanga wagombea kwa mapendeleo. Njia hiyo ya kwanza ndiyo iliyompitisha mwaka 1916. Lakini Desemba 1967 Congress lilikuwa limepitisha sheria inayotaka kila jimbo lenye mbunge zaidi ya mmoja ligawanywe katika maeneo ya mbunge mmoja mmoja. Montana ilishuka hadi kiti kimoja kuanzia 1993, ikarudishiwa cha pili katika uchaguzi wa 2022, nacho kikaja na mpaka wake, magharibi na mashariki. Hadi uchaguzi wa 2024, jimbo hilo halijapeleka mwanamke mwingine katika Baraza la Wawakilishi.